Kampuni iliyomwozesha marehemu

Nianze na nyota ili mwenye haraka aende zake. Kampuni ya mtandaoni iliyomchorea Bibi mti wa ukoo kwa dola 1,150: nyota moja, na hiyo ni ya karatasi, maana karatasi ilikuwa nzuri kweli. Maktaba ya American Ancestors iliyopo Mtaa wa Newbury, Boston: nyota tano. Sikuwahi kudhani iko siku nitasifu mahali ambapo watu wazima hukaa kimya kutwa nzima wakisoma wosia za watu waliokufa zamani, lakini ndiyo hivyo.

Mimi si mtafiti. Kwetu Tanga, na huku Massachusetts nalea wazee, kazi tunayoiita kubeba boksi hata kama boksi lenyewe ni mtu. Bibi ninayemwangalia ana miaka 88 na anaishi Weymouth, kusini ya Boston. Nimemfundisha kuitikia "marahaba", na sasa hanywi dawa zake za asubuhi mpaka nimpe shikamoo yake. Nawaandikia kwa sababu wengi wenu mnafanya kazi hii hii, na ipo siku mzee wako atafungua droo, akutolee bahasha, akuambie babu zake walikuja na Mayflower.

Kwa asiyejua: Mayflower ni merikebu iliyoleta Waingereza wa mwanzo mwanzo kuhamia sehemu hizi, mwaka 1620. Abiria walikuwa 102, na karibu nusu yao walikufa kabla majira ya baridi ya kwanza hayajaisha. Sasa hesabu mwenyewe: ukiwasikiliza wazee wa huku, wote babu yao alikuwamo. Merikebu ile ingezama gatini. Lakini sisi wa pwani tucheke kwa adabu, maana kwetu nako kila mwenye baraza atakwambia babu yake alitoka Shiraz, katika zile merikebu saba. Wao moja, sisi saba, ila abiria wetu hakuna aliyewaandika daftarini.

Babu aliyedaiwa na Bibi ni John Howland, na kwa kweli kama utachagua babu, chagua huyu. Alitoka Fenstanton, Uingereza, na alisafiri kama mtumishi wa John Carver, aliyekuja kuwa gavana wa kwanza wa Plymouth, koloni walilolianzisha abiria hao. Katikati ya bahari, dhoruba imechachamaa, kijana akatoka juu na merikebu ikayumba ikamtupa baharini. Akabahatika kudaka kamba ya tanga la juu iliyokuwa inaburuzwa majini, akaing'ang'ania hata alipozama, mpaka wakamvuta na kumnasa kwa upondo wenye ndoano. William Bradford, gavana wa baadaye, ndiye aliyeyaandika hayo. Howland akaoa binti aitwaye Elizabeth Tilley, aliyefiwa na baba na mama majira yale ya baridi akiwa na miaka kama 13, wakazaa watoto kumi, na wote kumi wakaacha uzao. Ndiyo maana wanaodai kutoka kwake ni wengi sana, na wengine wanadai kwa haki: Rais Franklin Roosevelt ni uzao wake, na Bush wote wawili.

Kwa hiyo mtoto wa kiume wa Bibi, kwa nia njema kabisa, akailipa hiyo kampuni iwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Sitaitaja. Baada ya miezi miwili likaja boksi: mti wa ukoo kwenye fremu ya mbao, vizazi kumi na mbili, maandishi ya kujipinda, na juu kabisa nembo ya ukoo yenye simba. Bibi alilia. Tukautundika sebuleni juu ya televisheni, nikawa naupangusa vumbi kila Jumatano.

Kuhusu hilo simba, baadaye nilielezwa kwamba kwa taratibu za Uingereza nembo hupewa mtu pamoja na warithi wake, haiwi mali ya kila anayeitwa jina fulani. Anayekuuzia "nembo ya jina lako" anakuuzia picha. Halafu jiulize, mtumishi aliyepanda merikebu nyuma ya bwana wake amepata wapi simba?

Mambo yaliharibika Bibi alipotaka kuomba uanachama wa chama cha vizazi vya Mayflower. Chama hicho kipo tangu 1897, nacho hakitaki fremu. Kinataka karatasi, kiungo kwa kiungo: huyu ni mtoto wa huyu, ushahidi huu hapa. Vizazi vitano vya mwanzo wameshavichapisha wenyewe katika vitabu vyenye majalada ya rangi ya fedha. Kuanzia hapo mpaka kwenye cheti chako cha kuzaliwa, mzigo ni wako. Nikaiandikia kampuni barua pepe kwa niaba ya Bibi kuomba ushahidi. Wakajibu kwamba mti "umethibitishwa na miti mingine". Yaani mimi nimesema, na jirani aliyenakili kwangu naye amesema, basi tumekuwa mashahidi wawili.

Nikapanda treni ya Red Line kutoka Quincy, nikabadilisha Park Street kuchukua ya kijani, nikashuka Copley. Newbury ni mtaa wa maduka ya nguo ambazo mshahara wangu unaziangalia tu kwa mbali, na hapo katikati ndipo lilipo jengo la hawa American Ancestors. Chama chao kilianzishwa 1845, ndicho kikongwe kuliko vyote vya kutafiti koo Marekani, na jarida lao linatoka tangu 1847. Usiye mwanachama unalipia siku, bei iangalie kwenye tovuti yao kabla hujaondoka nyumbani. Nilitegemea kuulizwa nimekuja kumfanyia nani usafi. Mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliniuliza tu, "Tumtafute nani?"

Nikamfunulia picha ya fremu kwenye simu. Howland hakumtazama hata kidogo. Alishusha kidole mpaka chini kabisa, kwa Bibi, akaanza kupanda taratibu, kizazi baada ya kizazi, kama mtu anayejaribu ngazi ya mbao kabla ya kuikanyaga. Akasimama kwa mwanamke mmoja, mama yake babu yake babu wa Bibi. Akasema, hapa.

Hilo ndilo somo nililolipia nauli, na nalitoa bure: mti wa aina hii hauozi kwenye merikebu. Vizazi vya mwanzo vimeshachambuliwa na watu wengi kwa miaka mingi, na vizazi vya karibu vina vyeti. Unaoza katikati, kati ya vita vya uhuru wao na miaka ya 1850. Jimbo la Massachusetts lilianza kuandikisha vizazi na vifo kwa jimbo zima mwaka 1841. Sensa ya nchi ilianza kutaja jina la kila mtu wa nyumba mwaka 1850, kabla ya hapo utamkuta mkuu wa kaya tu, wengine ni vijistari vya idadi. Na wakati huo huo watu walikuwa wanahama makundi kwa makundi kwenda magharibi kutafuta ardhi, wengi wakipitia jimbo la New York, ambalo halikuwa na uandikishaji wa jimbo zima mpaka karibu 1880. Mtu anatoka Massachusetts ana jina la baba yake, anaibukia New York ana jina la mumewe, na hapo katikati ni giza. Kwenye giza hilo ndipo makanjanja wanapofanyia biashara.

Mwanamke wetu yumo kwenye sensa ya 1850, New York, miaka 61, mzaliwa wa Massachusetts. Basi. Kampuni ilitafuta mtoto wa kike mwenye jina hilo la kwanza aliyezaliwa 1789 katika ukoo wa Howland, ikampata kwenye mji mmoja wa Cape Cod, rasi iliyopo huku huku Massachusetts, ikamchukua. Mkutubi akaniletea kitabu cha kumbukumbu za mji ule, akanionyesha mstari. Yule mtoto alikufa akiwa na miaka minne. Jiwe la kaburi lake linajulikana lilipo.

Sikuamini mpaka niliposoma mara mbili. Walichukua mtoto aliyezikwa, wakampa mume, wakamzalisha watoto tisa, wakamhamishia New York, wakamweka kwenye fremu ya dola 1,150.

Nilikaa na habari hiyo siku nne. Utamwambiaje mzee wa miaka 88? Mwishowe nilimwambia wakati tunamenya viazi, kwa sababu mikono ikiwa na kazi maneno hayaumi sana. Aliendelea kumenya. Halafu akauliza, "Basi huyu wa kwangu alikuwa mtoto wa nani?"

Swali hilo ndilo lililonirudisha Boston mara tano zaidi, siku zangu za mapumziko, na mara mbili nikiwa na Bibi mwenyewe kwenye teksi na kigari chake cha kutembelea. Hapo nataka niwasifu hasa. Walimpa Bibi kiti karibu na dirisha, wakazungumza naye yeye, siyo mimi juu ya kichwa chake kama wafanyavyo madaktari wengi. Na hakuna aliyemwambia "pole". Walimwambia "tuone".

Jibu lilitoka mahali ambapo nisingepafikiria: madai ya pensheni. Askari waliopigana vita vya uhuru, 1775 mpaka 1783, walipewa pensheni, na baadaye, miaka ya 1830, wajane wao nao wakaruhusiwa kudai. Sasa mjane wa wakati ule atathibitisha vipi ndoa, na cheti hana? Wengine walichana kurasa za Biblia ya nyumbani, zile za mbele walipoandika ndoa na majina ya watoto, wakazituma serikalini. Na serikali haikurudisha. Zimo mpaka leo kwenye mafaili ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, zimepigwa picha, unazisoma kwenye kompyuta. Kwenye faili moja la mjane wa askari wa wilaya ya Worcester tulikuta ukurasa wa namna hiyo, wino umefifia rangi ya chai, na katika orodha ya watoto yumo binti wa 1789 mwenye jina letu. Kwenye kiapo, shemeji mtu anataja kwamba binti huyo ameolewa na fulani, anakaa New York, wilaya ile ile ya mwanamke wetu. Fulani huyo ndiye mume aliyepo kwenye sensa.

Bibi aliomba aushike. Ni picha tu kwenye kioo, lakini alikiwekea kidole kile kioo na mkutubi hakumkataza.

Kutoka kwa yule askari kurudi nyuma ilikuwa kazi ya hati za mashamba na mirathi, ya kuchosha, siwasimulii. Ila tulipofika mwisho hatukukuta Howland, wala Plymouth, wala Mayflower. Tulikuta seremala aliyefika 1638 kwenye merikebu iitwayo Diligent, ya Ipswich, akakaa Hingham. Karani wa mji ule, Daniel Cushing, aliacha orodha ya waliohamia kutoka Hingham ya Uingereza, iliyoko Norfolk, mwaka kwa mwaka, na babu yetu yumo. Wengi wao walikuwa wanafuata mchungaji wao, Robert Peck, aliyekorofishana na Askofu Wren kwa sababu ya taratibu za ibada. Mchungaji mwenyewe hakudumu. Mambo yalipobadilika kwao, 1641 alirudi zake akawaacha waumini hapa hapa. Jirani mmojawapo wa seremala wetu alikuwa kijana mfumaji aitwaye Samuel Lincoln, aliyetangulia mwaka mmoja, na ndiye babu wa Rais Abraham Lincoln.

Hingham kutoka kwa Bibi ni dakika kumi na tano kwa gari. Amepita hapo maisha yake yote kwenda kununua samaki.

Lipo jambo ambalo ningelificha kama ningekuwa nauza fremu. Kwenye orodha ya mali ya mmoja wa wajukuu wa seremala, baina ya ng'ombe na masufuria ya shaba, kuna mtu. Jina moja tu, la kike, na bei. Utumwa uliruhusiwa kisheria Massachusetts tangu 1641, na mahakama zao zikaukomesha kufikia 1783. Nililijua hilo kwa kusikia, lakini kulisoma kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa anahesabu masufuria ni jambo jingine. Bibi alinitazama, mimi nikatazama dirishani. Mkutubi akatueleza, bila kuhubiri, kwamba wana mradi ulioanza 2023 uitwao 10 Million Names, wa kukusanya majina ya watu waliofanywa watumwa katika nchi hii, na kwamba jina kama hilo kwenye karatasi kama hiyo ndilo wanalolitafuta. Bibi alisema lipelekwe siku hiyo hiyo. Tuliondoka tumechelewa zamu ya usiku ya mwenzangu kwa sababu ya fomu.

Njiani ndani ya teksi aliniuliza kama watu wake na watu wangu waliwahi kukutana zamani. Nikamwambia bibi yangu mzaa mama alikuwa akiita marekani kile kitambaa cheupe cha pamba, kigumu, kabla hakijatiwa rangi. Kilikuwa kinakuja Unguja kwa merikebu za Salem, mji ulio kaskazini mwa Boston. Sayyid Said alitia saini mkataba na Wamarekani 1833, na balozi wao wa kwanza kufika Unguja, 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Wao walichukua pembe na sandarusi, sisi tukapata sanda na nguo za kushindia. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akasema angalau kitambaa kilikuwa imara.

Turudi kwenye huduma, maana hii ni tathmini. Ukiwa huna pa kuanzia wala hela, fungua akaunti FamilySearch, ni bure kabisa, ni ya kanisa la Wamormoni, na picha za nyaraka walizonazo ni hazina. Ila tofautisha nyaraka zao na ule mti wa pamoja ambao yeyote mwenye akaunti anaweza kuuhariri. Nyaraka ziamini, mti uchukulie kama maneno ya kijiweni. Kuhusu vipimo vya mate, vya DNA, vinafaa sana kwa binamu na kwa vizazi vichache nyuma, lakini ukipanda vizazi kumi na viwili unakuwa na nafasi 4,096 za mababu, na wengi wao hawajakuacha na chembe hata moja ya kupimika. Anayekwambia mate yako yanathibitisha John Howland anakupiga changa la macho.

Na ukilazimika kulipa mtu, muulize swali moja kabla ya kutoa kadi: kwa kila kiungo utanipa nakala ya karatasi gani? Akianza kukueleza ubora wa fremu, funga kompyuta. Wala usitishwe na jambo kuandikwa kwa herufi nzuri au hata kwenye jiwe. Huyo huyo Howland, kwa muda mrefu watu waliapa kwamba mkewe alikuwa wa damu ya Gavana Carver, ilipendeza zaidi kuliko yatima wa Tilley. Kilichowaumbua ni muswada wa Bradford, uliokuwa umepotea na ukaonekana 1855 katika maktaba ya Askofu wa London, na mle ameandika wazi ni nani alikuwa binti wa nani. Muswada ulirudishwa Massachusetts 1897 na uko Boston.

Kasoro za maktaba? Utahitaji Kiingereza cha kusoma, na cha zamani, chenye herufi zinazofanana na mwandiko wa kuku. Tarehe pia zitakuchanganya: mpaka 1752 mwaka wao ulianza Machi 25, kwa hiyo Howland anaandikwa amekufa Februari 1672/3, na siyo kosa la uchapaji. Na nenda umeshiba, vyakula vya Newbury vitakufilisi.

Fremu tumeishusha. Kampuni haijarudisha hata senti, imejitolea kutuchorea nyingine kwa punguzo. Jumapili iliyofuata nilimpeleka Bibi Hingham, kwenye lile kanisa la mbao la 1681 wanaloliita Old Ship, ambalo ukiinua macho dari lake linafanana na tumbo la jahazi lililopinduliwa. Alikaa nusu saa kwenye benchi, shingo ameiegemeza nyuma. Kisha akaniambia, "Sasa zamu yako. Mababu zako wewe?"

Jioni hiyo nilimpigia baba mdogo Tanga, nikamweka kwenye spika ili Bibi asikie. Alinitajia bila kusita: fulani bin fulani bin fulani, majina sita, sauti yake inapanda kama anasoma maulidi. La saba, akasema, huyo sasa ndiye aliyetoka Shiraz. Nikamwuliza, "Ushahidi wake uko wapi, baba?"

Kimya kidogo. Halafu akasema mtandao unasumbua, nitampigia kesho.